Maneno Matamu na Majibu Yake

Sisi tukaao Ringwani twajua ya kuwa kijana apendaye msichana huanza kwa maneno, na maneno yake huishia penye zizi. Akisema vema wazee humsikiliza, kisha humwuliza habari za ng'ombe. Lakini ziko nchi ambako maneno ya namna hii yaliandikwa yakawa mashairi, nasi twaweza kuyapima hata leo.

Tuanze pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 akafa mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya Wamazrui, na juu ya mapenzi pia. Shairi la namna yake lina mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane na nane. Umbo hili hushikika upesi, hata msikiaji aweza kulichukua mpaka sokoni, na mshairi mwingine akaweza kulijibu kwa shairi. Mashairi ya Muyaka yalikaa vichwani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akisaidiana na padre W. E. Taylor. Yalipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake.

Huko Uingereza alikuwako John Donne, aliyezaliwa London mwaka 1572. Mashairi yake nayo yalipita mkononi kwa mkono, yakapigwa chapa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kufa kwake. Yeye hakubembeleza kwa kusifu macho na nywele tu. Alitoa hoja kama wakili barazani. Katika shairi moja amwonyesha msichana kiroboto aliyewauma wote wawili, asema: damu zetu zimekwisha kuchanganyika humo, basi wanikatalia nini? Msichana hasemi neno tulisikialo, bali amponda kiroboto kwa ukucha. Hilo ndilo jibu lake. Lakini mshairi hashindwi: aligeuza tendo hilo kuwa hoja mpya, kwamba heshima atakayopoteza ni ndogo kama uhai alioupoteza yeye kwa kufa kwa mdudu yule.

Baada yake Andrew Marvell, aliyekufa mwaka 1678, alijenga hoja ya hatua tatu: kama tungalikuwa na wakati mwingi, ningalikungoja, lakini wakati wakimbia na kaburi laja, basi tupendane sasa. Hatua mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu yaonekana kuzifuata, lakini ufupi wa maisha waweza pia kuwa sababu ya mtu kuchagua kwa uangalifu. Ndiyo hila ya msemaji hodari: hukupitisha penye kweli mbili ili usiitazame ya tatu.

Sasa tutazame maisha ya Donne mwenyewe. Mwaka 1601 alimwoa Anne More kwa siri, bila idhini ya baba yake. Yule mzee alikasirika. Donne akatiwa gerezani, akapoteza kazi yake ya ukarani kwa bwana mkubwa wa serikali. Huko baba wa binti ndiye aliyetoa mali ya ndoa, naye aliizuia kwa miaka kadhaa, hata wakaishi kwa shida na watoto wengi. Donne akawa kasisi mwaka 1615. Mwaka 1617 Anne alifariki baada ya kuzaa mara ya kumi na mbili, naye ana miaka 33 tu. Donne hakuoa tena. Basi hatuwezi kusema kwamba mapenzi yake yalikuwa ya mdomoni. Ila twaona kwamba gharama ya maneno yale haikulipwa na msemaji peke yake.

Wasomaji wetu, hatuandiki haya ili vijana wanyamaze. Maneno mazuri ni kipawa. Lakini katika mashairi yale ya Kiingereza twasikia sauti ya mwanamume peke yake, na hoja isiyojibiwa huonekana siku zote kuwa imeshinda. Basi tuwafundishe wana wetu kusema vema, na binti zetu kujibu vema. Na anayebembeleza kwa haki hataogopa kulingoja jibu hilo, hata likiwa ni kukataa.