Mgeni, Nyumba na Jembe: Habari ya Mtoni

Msafiri atokaye Mji Mkongwe kwa njia ya kaskazini hufika Mtoni baada ya mwendo mfupi, na hapo ufukoni huona magofu ya kasri la Seyyid Said bin Sultan. Bwana huyu alifika Unguja mara ya kwanza mwaka wa 1828, naye alikuwa mgeni kutoka Maskati. Hakuomba kibali cha kukaa. Nguvu zake ndizo zilizokuwa kibali. Alijenga, akapanda mikarafuu, akahamishia makao yake kisiwani. Mwaka wa 1856 alifariki baharini akitoka Maskati kurudi Unguja.

Wageni waliomfuata walihitaji maandishi. Tarehe 31 Mei 1839 palitiwa saini mkataba baina yake na Uingereza. Kwa mkataba huo raia wa Uingereza waliruhusiwa kuingia na kukaa katika nchi zake, na pia kununua, kuuza na kukodi ardhi na nyumba. Basi haki ya kukaa na haki ya kumiliki ni ndugu wa zamani kisiwani humu.

Lakini bei ya makazi hayo haikulipwa na wanunuzi peke yao. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Mashamba yalipoenea katika ardhi yenye rutuba ya magharibi, Wahadimu wengi walibaki na ardhi ya mawe ya mashariki na kusini. Mgeni alipata makazi, na mwenyeji akapungukiwa.

Wala kumiliki hakumfungi mtu na nchi daima. Binti Salme, mwana wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka wa 1844, akarithi shamba kwa baba yake. Mwaka wa 1866 aliondoka, akaolewa na Mjerumani. Aliporudi mwaka wa 1885 kudai mirathi yake, hakufanikiwa. Mzaliwa wa kasri akawa mgeni mbele ya kasri.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na wakulima wengi wakagawiwa ekari tatu tatu. Tangu hapo mgeni hawi mwenye ardhi. Hukodishwa kwa muda. Hata hivyo ule udugu wa zamani umerejea kwa sura mpya: siku hizi mgeni anunuaye nyumba katika mradi ulioidhinishwa, kwa dola 100,000 za Kimarekani au zaidi, aweza kupata kibali cha ukaazi. Kibali hicho si uraia.

Sisemi kuwa mpango huu ni mbaya. Nyumba huleta kazi, na kazi huleta chakula. Nasema tu kwamba swali lililoachwa na Mtoni halijajibiwa: mgeni akipata makazi, mwenyeji hupata nini, naye huhamia wapi? Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe hati. Fedha yaweza kumpa mtu mlango na ufunguo. Lakini uenyeji hupatikana kwa kulima pamoja na jirani, bila ya kumwondoa katika shamba lake.