Pampu Haisubiri Hukumu: Historia ya Fedha Zilizosafisha Visima vya San Gabriel

Mwishoni mwa mwaka 1979, visima virefu vilivyo karibu na mji wa Azusa, katika bonde la San Gabriel mashariki ya Los Angeles, vilipimwa na kukutwa na trikloroethilini, kiyeyushi cha kuondolea grisi kwenye vyuma ambacho wataalamu hukifupisha TCE. Kwa macho maji hayo hayakuwa na kasoro yoyote. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo katika maji ya kunywa nchini Marekani ni sehemu 5 za TCE kwa kila sehemu bilioni moja za maji, na hakuna ulimi unaoweza kukigundua. Kila kipimo kilichofuata kilipanua ramani ya uchafuzi, na mwaka 1984 Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, uliingiza maeneo manne ya bonde hilo katika orodha ya kitaifa ya sehemu zilizochafuliwa vibaya zaidi. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakitegemea maji yaliyo chini ya bonde hilo. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya vyuma, vya ndege na vya makombora vilikuwa vimeota humo kwa wingi. Kiyeyushi kilichokwisha kazi kilimwagwa mashimoni au kilivuja kutoka kwenye matangi na mabomba. Ardhi ya pale ni mchanga na kokoto zilizosombwa kutoka milimani, hivyo mvua hupenya upesi na kujaza visima. Sumu nayo ilipenya kwa njia ile ile.

Kisa hiki husimuliwa zaidi na wanakemia na mawakili, lakini mtu wa kawaida atajifunza mengi zaidi akifuata fedha: nani alilipa, lini, na kwa amri ya nani. Historia ya miongo minne inathibitisha jambo moja. Maji ya ardhini yakishachafuka, serikali lazima iwe na fedha mkononi za kuanza kazi mara moja, kisha imdai mchafuzi baadaye; na fedha hizo zitoke katika mfuko wenye chanzo chake maalumu, si katika huruma ya bajeti ya mwaka. Kanuni ya kwamba mchafuzi ndiye alipe ni ya haki kabisa, ila haki hiyo huja kwa mwendo wa mahakama, na sumu ardhini husafiri na maji usiku na mchana.

Waliotunga sheria ya mwanzo walilielewa hilo. Huko Love Canal, katika mji wa Niagara Falls jimbo la New York, kampuni ya Hooker Chemical ilifukia takriban tani 21,000 za taka za kemikali kati ya 1942 na 1953, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1. Shule ikajengwa, na nyumba zikafuata. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura baada ya kemikali kujitokeza kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, na ikabainika kwamba serikali ya shirikisho haikuwa na mfuko wa kushughulikia janga lililotengenezwa na binadamu. Tarehe 11 Desemba 1980 Carter alitia saini sheria iliyokuja kujulikana kwa jina la Superfund. Ilianzisha mfuko wa dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, sehemu kubwa ikitokana na kodi ya mafuta ghafi na ya kemikali za viwandani. Iliwabebesha dhamana wachafuzi wote, hata kwa taka zilizotupwa kabla ya sheria kuwapo. Tena iliupa EPA uwezo wa kusafisha kwanza na kudai gharama baadaye. Mwaka 1986 Bunge la Congress liliupanua mfuko huo hadi dola bilioni 8.5 kwa miaka mitano mingine.

San Gabriel ikawa mtihani mgumu wa sheria hiyo. Love Canal kulikuwa na mchafuzi mmoja anayejulikana na shimo moja linaloonekana. Bondeni kulikuwa na viwanda vingi, vikubwa kwa vidogo, vingine vimefungwa na vingine vimebadilisha wamiliki, na kemikali zao zilikuwa zimechanganyika chini ya ardhi kiasi kwamba kila mmoja aliweza kumnyooshea kidole jirani yake. Wakati mazungumzo yakiendelea, mkondo wa uchafu chini ya miji ya Azusa na Baldwin Park ulirefuka kwa maili kadhaa kuelekea kusini-magharibi, na kampuni za maji zikawa zinafunga kisima kimoja baada ya kingine. Kisha mwaka 1997 mbinu mpya ya maabara iliwezesha kupima perkloreti, chumvi inayotumika katika fueli ya roketi, hadi sehemu 4 kwa bilioni, wakati awali kiasi kilicho chini ya mamia ya sehemu hakikuonekana kabisa. Ilipotafutwa, ilikutwa. Mitambo iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya TCE haikuweza kuinasa, kwa kuwa perkloreti huyeyuka majini kabisa na haipeperuki na hewa. Mpango wa usafishaji uliokaribia kukamilika ulibidi uchorwe upya.

Hapo ndipo fedha za umma zilipobadili mambo. Jimbo la California lilikuwa limeunda mamlaka ya ubora wa maji ya bonde hilo mwaka 1993, yenye uwezo wa kutoza ada wenye haki ya kuvuta maji. Desemba 2000, Congress iliidhinisha mfuko wa kurejesha ubora wa maji ya bonde hilo wa hadi dola milioni 85, zikiwamo milioni 10 kwa bonde jirani lililo upande wa chini, kwa sharti kwamba wenyeji nao wachangie asilimia 35 ya gharama. Mwaka 2002, kampuni nane zilizodaiwa kuchafua zilisaini mkataba wa Baldwin Park wa kulipia ujenzi na uendeshaji wa mitambo kwa miaka 15. Amri ya EPA ya mwaka 2000 ilichangia kuzileta mezani, na haitakuwa haki kuupa mfuko sifa yote. Lakini mfuko uliyapa mashirika madogo ya maji nguvu ya kujenga bila kusubiri saini ya mwisho, na mtambo uliokwisha kujengwa huleta hesabu kamili ya gharama. Mchafuzi hana tena nafasi ya kubishana kuhusu makisio. Hata hivyo, kutoka kipimo cha kwanza hadi mkataba huo ilipita miaka 23.

Kinacholipiwa na fedha hizo huonekana vizuri ukiyafuata maji yenyewe kutoka kisimani. Pampu huyavuta na kuyapandisha hadi juu ya mnara, yanaporomoka huku hewa ikipulizwa kutoka chini, na TCE inaondoka na hewa hiyo kwenda kunaswa na mkaa. Yanaingia kwenye matangi yaliyojaa chenga za resini, ambazo huishika perkloreti na kuachia kloridi mahali pake. Yanatiwa haidrojeni peroksaidi na kupitishwa mbele ya taa kali za miale ya urujuanimno ili kuvunja kemikali ambazo mkaa na resini vimeshindwa kuzishika. Mwishowe hutiwa klorini na kuingia kwenye bomba la mji. Resini ikijaa hubadilishwa, taa zikiungua hubadilishwa, na umeme hulipiwa kila mwezi. Kazi hii haina siku ya kukata utepe na kwenda nyumbani.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wafanyabiashara: kwa nini kampuni ambayo haijamwaga tone ilipe kodi ya mafuta au kemikali kwa ajili ya makosa ya wengine? Hoja hiyo ilishinda Bungeni. Kodi za Superfund ziliisha muda wake mwishoni mwa 1995 bila kuhuishwa, na kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2003 akiba yake ilikuwa imekauka. Mzigo ukahamia kwa mlipakodi wa kawaida, ambaye naye hakumwaga tone. Kwa kuwa sasa fedha zilitegemea bajeti ya kila mwaka, zilipungua kutoka takriban dola bilioni 2 mwaka 1999 hadi bilioni 1.1 mwaka 2013 kwa thamani ile ile ya fedha, kwa mujibu wa ofisi ya ukaguzi ya Congress, na idadi ya sehemu zilizokamilishwa ujenzi wa mitambo nayo ikashuka sana. Gharama ya visima yatima, yaani visivyo na mchafuzi wa kudaiwa, itabebwa na mtu tu, na ni afadhali ibebwe na sekta iliyonufaika na bidhaa zenyewe kuliko na jirani wa kisima.

Wengine huogopa kwamba serikali ikitangulia kulipa, mchafuzi atalala usingizi. Sheria ya 1980 iliweka dawa: anayekaidi amri ya EPA bila sababu ya msingi anaweza kudaiwa hadi mara tatu ya gharama zilizotumiwa na mfuko. Mfano wa Henderson, Nevada, unaonyesha pia kwamba deni halifutiki kwa sababu ya muda au ujanja. Perkloreti ya kiwanda cha Kerr-McGee iligunduliwa mwaka 1997 ikiingia mto Colorado. Madeni ya kimazingira yakasukumwa kwa kampuni mpya, Tronox, iliyofilisika mwaka 2009; lakini mwaka 2014 Kerr-McGee na mmiliki wake Anadarko walikubali kulipa dola bilioni 5.15. Kazi ya kuinasa perkloreti hiyo ilikuwa imeanza miaka mingi kabla. Kisa hiki kinawajibu pia wale waliosema ni nafuu kufunga visima vya San Gabriel na kununua maji ya mbali, kwa maana mto Colorado, mmoja wa vyanzo vikuu vya kusini mwa California, ndio uliopokea sumu ile ile.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kisayansi. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichunguza mwaka 1994 sehemu 77 zilizokuwa zikivuta na kusafisha maji ya ardhini, likakuta 69 hazijafikia lengo. Mwaka 2013 lilikadiria sehemu zisizopungua 126,000 nchini humo bado zina mabaki ya uchafuzi, kwa gharama ya dola bilioni 110 hadi 127. Je, fedha zinatupwa shimoni? Zingekuwa zinatupwa kama lengo pekee lingekuwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya mwanzo. Lakini pampu inazuia mkondo usifike kwenye visima vingine, na inawapa watu maji salama leo. Iwapo kazi hiyo itachukua vizazi, basi haja ya chanzo cha fedha kisichokatika ni kubwa zaidi, wala si ndogo.

Marekani yenyewe imekiri hivyo kwa vitendo. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilirudisha kodi ya kemikali na kutenga dola bilioni 3.5 kwa usafishaji, na sheria nyingine ya 2022 ikarudisha kodi ya mafuta ghafi ya senti 16.4 kwa pipa, baada ya pengo la robo karne. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki somo hili liko karibu. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 iliunda mfuko wa taifa wa kurejesha mazingira kwa ajili ya hali ambazo mchafuzi hajulikani, au ambapo mamlaka inalazimika kuingilia kabla madhara hayajazidi. Kwa hiyo wazo lipo kwenye vitabu vya sheria. Kipimo cha mfuko wa aina hii, kule au huku, ni kimoja: siku majibu ya maabara yanapotoka, je, ndani yake kuna fedha za kuwasha pampu, au kuna barua tu ya kuziomba?