Barabara za Nakuru zilivyojengwa, na baiskeli ikaachwa pembeni

Ukitoka katikati ya jiji la Nakuru kwa baiskeli, lami inakupa njia za kuchagua. Upande wa magharibi kuna barabara ya Njoro, karibu kilomita 20, inayopita karibu na kasri la Lord Egerton huko Ngata. Upande wa kaskazini barabara inapita Kiamunyi, Kabarak na Mogotio, inavuka ikweta na kuteremka hadi Marigat. Nyingine inapita Bahati, inashuka bonde la Subukia kisha inapanda hadi Nyahururu. Ya Dundori inaelekea Ol Kalou. Halafu kuna barabara kuu yenyewe, inayotoka Naivasha na Gilgil, ikapita Lanet na Free Area, ikaendelea Salgaa hadi Mau Summit.

Ni vigumu kupata mahali pengine Kenya penye mpangilio wa namna hii. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Marigat iko mita elfu moja na kidogo, nayo Nyahururu imepita mita 2,300. Mpanda baiskeli anaweza kuondoka asubuhi kwenye ubaridi wa Menengai na kufikia saa sita awe kwenye joto la Baringo, akijua kwamba safari ya kurudi ni ya kupanda hadi nyumbani. Wanaofanya mazoezi hapa wanasema milima ndiyo mwalimu wao.

Hata hivyo, hakuna hata moja ya barabara hizi iliyochorwa kwa kumfikiria mtu wa baiskeli. Historia yake ni historia ya mizigo: ng'ombe wa kukokota, garimoshi, mahindi ya walowezi, zana za vita, matangi ya mafuta. Kila kizazi cha wajenzi kilikuwa na mzigo wake, na mwenye baiskeli akalazimika kujitafutia nafasi ukingoni.

Msafara, mkokoteni na reli

Kabla ya barabara kulikuwa na njia za misafara. Wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wao walipita katika Bonde la Ufa wakielekea Baringo, ambako wenyeji, Wachamus, waliwauzia nafaka. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilimtuma Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi, kutengeneza barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Kibwezi kuelekea Uganda. Ilishuka ukingo wa bonde, ikapita Naivasha na Nakuru, kisha ikapanda kuelekea Eldama Ravine. Atakayeitazama ramani ya leo ataona kwamba barabara kuu bado inafuata kwa sehemu kubwa uamuzi wa mtu huyo.

Njia hiyo ilikuwa ya hatari. Novemba mwaka huohuo, msafara uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine uligombana na Wamaasai katika bonde la Kedong, chini ya mlima Longonot, na mamia ya wapagazi, Waswahili na Wakikuyu, wakauawa. Watu hao ndio waliozikanyaga njia hizi kwa miguu, kabla ya gurudumu lolote.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Kufikia 1904 Nakuru ilikuwa mji rasmi. Barabara zilizofuata zilikuwa vijito vya kuingia kwenye reli: kutoka Njoro, Molo, Subukia na Bahati zilileta ngano, mahindi na maziwa hadi stesheni. Zilichorwa kutoka lango la shamba la mlowezi hadi kwenye ghala. Kijiji cha mfanyakazi hakikuwa kwenye ramani.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na kuondoka shambani bila ruhusa ya mwajiri lilikuwa kosa. Katika hali hiyo, baiskeli ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake. Karani, mwalimu au katekista aliyeipata alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache walioweza kwenda mbali na kurudi siku hiyohiyo bila kungoja gari la mtu mwingine.

Jasho la wafungwa wa Italia

Vita vya Pili vya Dunia vilileta wajenzi wasiotarajiwa. Waitaliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, maelfu ya askari wao waliletwa Kenya wakiwa wafungwa wa kivita, wakawekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Londiani na kwingineko. Baadhi yao walipelekwa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kuchonga barabara ya kushuka hadi Mai Mahiu. Mwaka 1942, chini ya mteremko huo, walijenga kanisa dogo la Kikatoliki. Bado lipo, na wasafiri husimama kulitazama.

Barabara hiyo inastahili heshima ya kila anayeendesha baiskeli. Waitaliano waliizungusha kwa kufuata umbo la mlima, mwinuko wake ukawa wa kuvumilika ingawa mrefu. Baadaye barabara ya juu inayopita Kinale ilichukua sehemu kubwa ya magari madogo, nayo ya Mai Mahiu ikabaki na malori mengi. Mahali ambapo mpanda baiskeli angefurahia mandhari ya Longonot, analazimika kusikiliza trela linalomjia nyuma.

Blakmamba na bodaboda

Baiskeli iliyojenga maisha ya kawaida Nakuru haikuwa ya mbio. Ilikuwa blakmamba: nyeusi, ya chuma, isiyo na gia, yenye keria imara nyuma na uzito wa zaidi ya kilo 20. Baada ya uhuru, mashamba makubwa yalipogawanywa Bahati, Subukia na Njoro, mkulima mdogo alihitaji kufikisha maziwa, kabeji na viazi sokoni. Reli haikuja mlangoni kwake, na lori halikumngoja mwenye debe moja. Blakmamba ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipunguza ushuru wa baiskeli kutoka nje, na zikaongezeka. Katika miaka ya 1990 biashara ya bodaboda, iliyoanzia mpakani Busia, ilienea hadi Nakuru. Vijana walifunga mto kwenye keria na kubeba abiria kutoka mitaani hadi mjini. Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na katika miaka michache pikipiki ikaichukua kazi hiyo pamoja na jina lake. Bei ya usafiri na mwendo vilibadilika, lakini ukingo wa barabara haukubadilika. Pikipiki, mwenda kwa miguu, mkokoteni na baiskeli sasa vilibanana kwenye utepe uleule wa changarawe.

Huko Naivasha baiskeli haikuondoka. Kilimo cha maua kilipokua kuanzia miaka ya 1970, maelfu ya wafanyakazi walihamia Karagita na vijiji vingine kando ya barabara ya Moi South Lake. Wengi wao huenda kazini kwa baiskeli, alfajiri na jioni. Barabara hiyohiyo inampeleka mgeni hadi Hell's Gate, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1984, mojawapo ya chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mgeni anakodi baiskeli kwa starehe kwenye lami ambayo mfanyakazi wa maua ameipita akienda kutafuta riziki. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: nafasi isiyo ya lori.

Mabingwa waliozaliwa na vilima

Kwamba nyanda hizi za juu zinaweza kulea mabingwa si ndoto. Juu tu ya ukingo wa bonde, katika eneo la Kikuyu, David Kinjah aliwafundisha vijana wa timu ya Safari Simbaz. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, na baadaye, chini ya bendera ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne. Huko Iten, Nicholas Leong, mpigapicha kutoka Singapore, alianzisha timu ya Kenyan Riders akiamini kwamba mapafu yanayotoa wanariadha wa mbio ndefu yanaweza pia kutoa waendesha baiskeli. Suleiman Kangangi wa Eldoret alithibitisha imani hiyo alipomaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Agosti 2022 alifariki katika mashindano huko Vermont, Marekani, akiwa nahodha wa Team Amani, na wenzake wakaendeleza kazi aliyoianza.

Lakini bingwa hupatikana miongoni mwa wengi wanaothubutu kuingia barabarani kila siku, na katika Bonde la Ufa kuthubutu huko kuna gharama. Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu, liliwaka na kuua zaidi ya watu 100. Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa katika ajali ya Migaa, mwendo mfupi kutoka hapo. Baada ya hapo serikali ilitenganisha pande mbili za barabara ya Salgaa kwa kizuizi. Kizuizi hicho kimezuia magari kugongana uso kwa uso. Mwenye baiskeli bado anapita upande mmoja na malori yaleyale.

Barabara mpya, nafasi mpya

Mkataba wa kwanza wa kupanua barabara kuu ulitiwa saini na kampuni za Ufaransa mwaka 2020, kisha ukavunjwa. Mwishoni mwa Novemba 2025 ujenzi ulizinduliwa upya chini ya wajenzi wa China: kilomita 175 kutoka Rironi hadi Mau Summit kupitia Naivasha na Nakuru, pamoja na kilomita 58 za kupitia Mai Mahiu, na madereva watalipia kuitumia. Huu ndio mradi mkubwa zaidi wa barabara katika bonde hili tangu Sclater na mikokoteni yake.

Nakuru ilitangazwa jiji Desemba 1, 2021, na mitaa yake imeshaivuka mipaka ya mji wa zamani. Lanet, Free Area na Kiamunyi ni makazi ya watu wanaofanya kazi mjini. Umbali wa kilomita tano hadi kumi na tano kati ya nyumba na kazi ni umbali wa baiskeli, kwa mtu asiyeweza kulipa nauli ya matatu kila siku. Kinachokosekana ni njia iliyotengwa kwa ukingo wa saruji, isiyogeuzwa kituo cha matatu wala soko, na vivuko vya chini au vya juu mahali ambapo mtaa mmoja unakatwa na barabara ya njia nne.

Sclater alikuwa na ng'ombe wa kuwafikiria, wafungwa wa Italia walikuwa na amri ya jeshi, na walowezi walikuwa na ghala la reli. Wahandisi wa leo wana hesabu ya watu wanaoishi kando ya barabara hiyo, na wanawaona kila asubuhi wakienda kazini kwa magurudumu mawili. Njia ya baiskeli ikiingizwa kwenye michoro sasa, gharama yake ni sehemu ndogo ya mradi. Ikiachwa, lami ikishakauka itabidi ivunjwe ili kuiongeza, na wakati huo familia fulani za Free Area na Salgaa zitakuwa zimeshalipa gharama ambayo hakuna bajeti inayoweza kuirudisha. Kaunti ya Nakuru, Mamlaka ya Barabara Kuu na wakandarasi wana nafasi ya kujenga barabara ya kwanza ya bonde hili inayomhesabu mpanda baiskeli kuwa msafiri kamili. Waitumie kabla lami haijamwagwa.