Mhasibu Aliyeuliza Riba Iko Wapi

Rafiki yangu mmoja, mzee wa kanisa, aliniuliza majuzi familia yake itumie kigezo gani kabla ya kuchangia shirika la kidini linalosomesha yatima. Alikuwa amekwisha kuridhika nusu, maana askofu mmoja alionekana pichani na mkurugenzi wake. Nikamsimulia kisa cha New Era.

Mfuko huo, ulioanzishwa mwaka 1989 na John G. Bennett huko Pennsylvania, Marekani, uliviahidi vyuo vya Kikristo na mashirika ya misheni jambo moja: wekeni fedha kwetu kwa miezi sita, nasi tutawarudishia maradufu. Nyongeza, alidai Bennett, ilitoka kwa matajiri wenye moyo wa ukarimu wasiotaka kutajwa majina. Wa kwanza walilipwa kweli, wakawaambia wenzao. Kila aliyeingia alitazama nani ametangulia, na aliyetangulia naye alikuwa amemtazama mwingine. Hakuna aliyefungua vitabu. Katika mazingira yale, kuuliza kulionekana kama kupungukiwa imani.

Aliyeuliza ni Albert Meyer, mwalimu wa uhasibu katika Chuo cha Spring Arbor, Michigan, chuo cha Kikristo ambacho nacho kilipeleka fedha zake huko. Sheria ya Marekani huyataka mashirika mengi ya hisani yawasilishe kwa mamlaka ya kodi taarifa ya mwaka ambayo raia yeyote anaweza kuiomba (makanisa yenyewe yamesamehewa, na hilo ni pengo). Meyer aliipata ya New Era na kupiga hesabu ya kawaida: fedha nyingi kiasi hicho zikikaa benki miezi sita, lazima zizae riba kubwa. Riba iliyoandikwa ilikuwa ndogo mno. Basi fedha hazikukaa. Za wageni ndizo zilizokuwa zikiwalipa wenyeji. Wakubwa wake hawakumsikiliza. Mei 1995 mfuko ukaomba kutangazwa mufilisi, Bennett akakiri kwamba wale matajiri hawakuwapo, na mwaka 1997 akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Kinachonisumbua katika kisa hiki ni wale watu wema waliotoa dhamana ya majina yao, zaidi hata ya Bennett. Hawakusema uongo, walithibitisha jambo ambalo hawakulichunguza. Ndiyo maana nilimwambia rafiki yangu aiache picha ya askofu, aulize kama askofu huyo amewahi kuzisoma hesabu. Aulize pia nani amezikagua, wajumbe wa bodi wana undugu gani na mkurugenzi, na katika kila shilingi elfu moja ni ngapi zilizofika kwenye ada.

Aliandika barua. Juzi alinipigia simu: hesabu hazijaja, ila ameletewa kalenda nzuri yenye picha za watoto.