Kabla ya Samatta kulikuwa na Kompyuta

Wadau, juzi hapa Muheza stendi uliwaka ubishi: Mtanzania gani alitangulia kucheza mpira wa kulipwa Ulaya? Sisi vijana wote tukasema Samatta. Mzee mmoja muuza machungwa akacheka sana. "Nyie watoto, Kompyuta hamumjui?"

Kumbe Kompyuta ni Sunday Manara. Haji Manara, yule msemaji wa Simba aliyehamia Yanga, mnamjua wote. Basi huyo ndiye baba yake. Jina alipewa kwa jinsi akili yake ilivyopiga hesabu haraka uwanjani, wakati Watanzania wengi hata kompyuta yenyewe hawajaiona!

Mwaka 1974 Simba na Yanga walikutana Nyamagana, Mwanza, kugombea ubingwa. Simba wakatangulia kwa goli la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha dakika za jioni kabisa. Wakaingia muda wa nyongeza, Sunday akafunga. Yanga 2, Simba 1. Wazee wa Yanga ukiwagusia mechi hiyo hamlali.

Miaka ya 1970 inaelekea ukingoni, jamaa akatua Uholanzi, klabu ya Heracles, mji wa Almelo, daraja la pili. Ndiye anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye akacheza Marekani, Austria na Dubai.

Sasa jiulize, Samatta alienda Genk Januari 2016. Hapo katikati ni karibu miaka 40! Goli lake la Aston Villa dhidi ya Bournemouth, Februari 2020, tuliliona laivu, na usiku huohuo lilikuwa kwenye kila simu. Za Kompyuta kule Almelo nani aliziona? Tanzania Bara televisheni imekuja miaka ya 1990. Nyumbani ulisubiri redio, gazeti, au mtu arudi asimulie.

Ndiyo maana tumemsahau. Siyo kwamba alikuwa mdogo, ila hakuna klipu. Ushahidi wake mwingi upo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo leo ukirudi home, washa rekoda ya simu, mkalishe babu, muulize kuhusu Nyamagana. Mimi yule mzee wa machungwa nimeshamrekodi dakika 20. Wewe wa kwako unamsubiri nini?