Utoto wa Machungani: Kumbukumbu za Wazee wa Simiyu na Historia ya Ardhi Yao

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kuliko kumbukumbu za watu wake. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuziunganisha wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, wilaya ya Busega iliyomegwa kutoka Magu mkoani Mwanza, na wilaya ya Itilima iliyozaliwa kutokana na Bariadi yenyewe, kisha mji wa Bariadi ukafanywa makao makuu. Wazee waliozaliwa huku kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 walikulia katika nchi isiyojulikana kwa jina hilo, kwani sehemu kubwa ya mkoa wa leo ilikuwa wilaya moja ya Maswa ndani ya Jimbo la Ziwa, nayo iligawanyika katika himaya za watemi, yaani watawala wa jadi wa Kisukuma, wa Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa, Mwagala na kwingineko, wote wakiwa chini ya usimamizi wa Waingereza. Wazee hao wanapousimulia utoto wao, msikilizaji mwenye haraka hudhani kuwa wanaililia tu siku isiyorudi. Lakini masimulizi hayo yakiwekwa kando ya historia ya kilimo, mifugo na makazi ya Usukuma, hubainika kuwa yamehifadhi ramani ya ardhi jinsi ilivyokuwa kabla ya kupangwa upya na pamba, shule na Operesheni Vijiji.

Makazi ya zamani ya Wasukuma yalikuwa ya kutawanyika. Kila kaya, yaani mji wa mtu mmoja pamoja na wake zake, watoto wake na jamaa waliomtegemea, ilisimama peke yake katikati ya mashamba yake, ikiwa imezungukwa na ua wa minyaa, mmea wenye utomvu mweupe unaowasha vibaya ukiingia machoni, na ambao kwa sababu hiyo mifugo haiusogelei. Ndani ya ua mlikuwa na zizi, na karibu na zizi palikuwa na shikome, mahali pa kuwasha moto jioni ambapo wanaume na wavulana walikaa kuota moto, kula na kuzungumza. Nje ya mashamba kulikuwa na eneo la malisho lililofungwa kwa makusudi wakati wa masika ili majani yake yaliwe wakati wa kiangazi, hasa na ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa kulimia. Eneo hilo huitwa ngitili, na mipaka yake ilijulikana kwa mti, kichuguu au mkondo wa maji, bila uzio wowote. Aliyeijua mipaka hiyo kuliko mtu mwingine yeyote alikuwa mtoto, kwa sababu ndiye aliyeadhibiwa ng'ombe walipoivuka.

Mvulana alianza kuchunga akiwa mdogo sana, akikabidhiwa ndama na mbuzi jirani na nyumbani, na kadiri alivyokua ndivyo alivyokwenda mbali zaidi akifuatana na kaka zake na ng'ombe wakubwa. Kazi hiyo ilikuwa chuo halisi. Mchungaji hakuhesabu ng'ombe wake jioni kwa namba, bali aliwatambua mmoja mmoja kwa rangi, madoa na umbo la pembe, akajua bila kuambiwa nani hayupo. Wakati wa kiangazi, Mto Simiyu na vijito vyake vinapobaki mchanga mtupu, wavulana walichimba kwa mikono katikati ya mkondo, wakitoa mchanga mkavu, kisha mchanga wenye unyevu, hadi maji yaanze kujikusanya polepole chini ya shimo. Walisubiri yatulie na kung'aa, wakanywa wao kwanza kwa viganja, ndipo wakalipanua shimo kwa ajili ya ng'ombe na kuwaleta kwa zamu ili wasilibomoe. Mchana, ng'ombe wakiwa wamelala kivulini, watoto walifinyanga ng'ombe wao wa udongo, wakavigawa viumbe hivyo katika mazizi, wakavitumia kuposa na kulipa mahari. Walicheza pia isolo, yaani bao la Kisukuma, kwa mashimo yaliyochimbwa ardhini na kokoto au mbegu za kuokota.

Kumbukumbu hizi zina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba zimesimuliwa zaidi na wanaume. Msichana wa umri uleule alikuwa na siku ndefu zaidi: kubeba mdogo wake mgongoni, kuteka maji, kutwanga na kusaga, kuokota kuni, kukata viazi vitamu vibichi na kuvianika viwe michembe, au kuvichemsha kwanza kisha kuvikata na kuvianika viwe matobolwa, ili njaa ya miezi ya mvua ikute akiba. Wasichana wakubwa walilala pamoja katika nyumba yao maalumu, na humo walifundishana mambo ya kike ambayo hayakuzungumzwa shikomeni. Ramani ya ardhi iliyo kichwani mwa bibi wa Simiyu ni ya visima, kuni na mboga za porini, nayo haijaandikwa hata kwa nusu ya ile ya wachungaji, jambo ambalo ni hasara kwa historia nzima ya eneo hili.

Usiku uliwakutanisha wote. Katika Ginantuzu, lahaja ya Kisukuma inayozungumzwa Bariadi na jirani zake, kama ilivyo katika lahaja nyingine za lugha hiyo, mtega kitendawili husema "Kalagu!" na wenzake huitikia "Kize!", sawa na pwani wanavyosema "Kitendawili!" na "Tega!". Hadithi iliyotawala usiku huo ilikuwa ya Masala Kulangwa, mtoto aliyezaliwa na kukua baada ya zimwi Shing'weng'we kuwameza watu na mifugo yote ya nchi akisalia mama yake peke yake, na mtoto huyo hatimaye alilisaka zimwi hilo, akaliua na kulipasua tumbo ili jamaa zake watoke wakiwa hai. Inafaa kuzingatia kwamba shujaa wa hadithi hii ni kijana mdogo, na kwamba anachokirudisha ni watu pamoja na ng'ombe. Mtoto aliyeshinda porini akilinda mali ya ukoo alijiona yeye mwenyewe ndani yake.

Baada ya mavuno zilifika ngoma. Vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo viliasisiwa na waganga waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha, vilishindana uwanjani kwa siku kadhaa mfululizo, na mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Kila familia ilikuwa na upande wake, na watoto walirithi ushabiki huo kabla ya kuelewa maana yake. Sehemu ya urithi huu inatunzwa katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement.

Pamba ndiyo iliyoanza kuibadili kalenda ya mtoto. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, Maswa ilipata njia ya kutoa mazao, na kuanzia miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilitoa mbegu zilizofaa zaidi Usukuma. Watoto walipalilia, walichuma, na nyumbani walikaa juu ya marundo wakitenganisha pamba safi, ile nyeupe isiyo na doa, na fifi, ile chafu au iliyoliwa na wadudu ambayo bei yake ilikuwa ya chini. Kisha waliwasindikiza wazazi hadi kwenye mizani, ambako manung'uniko ya wakulima dhidi ya wanunuzi yalikuwa makubwa kiasi cha kuzaa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Serikali ya kikoloni nayo, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilichimba malambo na kutoa amri za kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, amri zilizochukiwa mno hata zikalegezwa miaka ya 1950 ilipokuwa inaishia. Ng'ombe aliyeuzwa kwa amri alikuwa ng'ombe ambaye mtoto fulani alimjua kwa jina, na hasira iliyokuja kuikuza siasa ya TANU, chama kilichopigania Uhuru, katika Usukuma haiwezi kueleweka vizuri bila kuikumbuka nafasi hiyo ya mnyama katika nyumba.

Uingereza yenyewe, iliyokuwa ikiitawala nchi hii, ilikuwa katika miaka hiyohiyo ikiukusanya utoto wa vijiji vyake. Mwaka 1959 Laurie Lee alichapisha Cider with Rosie, kitabu kinachokumbuka kijiji cha Slad katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, wakati farasi alipoanza kulipisha gari. Na katika mwaka huo huo Iona na Peter Opie walitoa utafiti wao mkubwa wa michezo na misemo ya watoto wa shule wa Uingereza. Usukuma ulipata utafiti wake mwaka 1973, pale Corlien Varkevisser alipochapisha kazi yake kuhusu malezi ya watoto wa Kisukuma katika vijiji na mji wa Mwanza. Ni kazi ya thamani, ila ni ya mgeni na iko katika Kiingereza, na upande wa Ntuzu na Kanadi bado unasubiri mwandishi wake.

Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni jambo la lazima kwa kila mwananchi, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliufikia Mkoa wa Shinyanga. Kaya zilizotawanyika zilihamishwa na kupangwa kwa safu kando ya barabara, mara nyingine kabla ya nyumba mpya kuwa tayari. Novemba ya mwaka huohuo Azimio la Musoma liliamua kuwa ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe, na kwa hiyo mvulana wa Bariadi aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1960 alipoteza zizi la babu yake na kupata dawati karibu kwa wakati mmoja. Ni haki kusema kwamba shule hiyo ilimpa mengi, na wazee wachache sana wangekubali wajukuu wao waikose. Wasichana hasa, ambao zamani walikuwa wa mwisho kupelekwa, walifaidika nayo.

Kilichopotea kilikuwa mpangilio wa ardhi. Kaya zikiwa zimerundikana, ng'ombe walikanyaga eneo lilelile kila siku, kuni zikatafutwa mbali, na ngitili nyingi zikaachwa kwa sababu zilibaki mbali na wenye nazo. Ilipofika mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI na uliozihusisha Bariadi, Maswa na Meatu, inakadiriwa kuwa ngitili zilizosalia mkoani Shinyanga zilikuwa hekta 600 hivi tu. Baada ya miaka kumi na mitano zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Ongezeko hilo halikutokana sana na kupanda miche. Lilitokana na kuzifunga upya sehemu zilizowahi kufungwa, kwa taratibu za vijiji vyenyewe, na ujuzi wa sehemu hizo haukuwa katika ofisi yoyote: ulikuwa kwa watu wazima ambao miaka arobaini nyuma walichapwa kwa sababu ndama wao aliuvuka mpaka.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 2,140,497 katika Mkoa wa Simiyu, wengi wao wakiwa watoto na vijana, na wanaokumbuka kaya za kutawanyika wanazidi kupungua kila mwaka. Hata hivyo, hapa na pale katika mashamba ya pamba ya Bariadi na Itilima bado husimama kipande cha minyaa kilichopinda kidogo, kisicholinda chochote, na mkulima hukizunguka kwa jembe lake bila kukikata; mzee akiulizwa, husema pale palikuwa pa nani, mlango wa zizi ulielekea wapi, na ng'ombe walikwenda kunywa maji kwa kupitia njia ipi.