Kipimo cha Mashine na Mfuko wa Mtazamaji

Mtandao wa YouTube, ulioanzishwa mwezi Februari 2005 na vijana watatu waliowahi kufanya kazi katika kampuni ya PayPal, yaani Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim, haukuanza kama mahali pa kujipatia riziki. Video yake ya kwanza, iliyopandishwa tarehe 23 Aprili mwaka huo, inamwonyesha Karim akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego kwa muda usiofika hata nusu dakika, na wengi waliomfuata walipandisha video zao bila kutarajia malipo. Hali ilibadilika baada ya Google kuununua mtandao huo mwaka 2006 kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65, kwa kuwa mwenye mali mpya alikuwa mfanyabiashara wa matangazo na alihitaji mahali pa kuyabandika. Mwezi Mei 2007 ulizinduliwa mpango wa washirika, ambao ni utaratibu wa kumgawia mwenye video sehemu ya fedha zinazolipwa na watangazaji, na kiwango kilichokuja kuzoeleka kikawa asilimia 55 kwake na zinazobaki kwa kampuni.

Katika utaratibu huo mtazamaji hakulipa chochote, mtangazaji aliyelipa hakumjua mtengeneza video, na aliyewakutanisha wote watatu alikuwa algoriti, yaani mfuatano wa kanuni zinazoiongoza kompyuta kuamua video ipi ipendekezwe kwa nani. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2012 kanuni hizo zilitegemea zaidi idadi ya mibofyo, na wajanja walikwisha kugundua kwamba picha ya utangulizi yenye kuvuta jicho ilitosha kuleta mapato hata kama ndani ya video hamkuwa na kitu. Ili kuwazuia, YouTube ilibadili kipimo chake katika mwaka huo, kwanza kwenye mapendekezo na kisha kwenye utafutaji, ikaacha kutegemea mibofyo na kuupa uzito muda wa kutazama, yaani jumla ya dakika ambazo mtu hubaki mbele ya video.

Badiliko hilo lilikuwa na sababu ya haki, lakini halikuwaumiza wadanganyifu peke yao. Mtengeneza katuni ambaye huchora picha moja baada ya nyingine huweza kumaliza wiki kadhaa akitayarisha filamu ya dakika mbili, na hata mtazamaji anayeipenda kupita kiasi hawezi kuitazama kwa zaidi ya hizo dakika mbili. Jirani yake anayerekodi mchezo wa kompyuta huku akizungumza huweza kupandisha nusu saa kila siku bila kutumia mkasi wala penseli. Kwa kipimo cha zamani wawili hao waliweza kushindana, kwa kuwa mbofyo ni mbofyo; kwa kipimo kipya mmoja alionekana kuwa na thamani mara nyingi zaidi ya mwenzake, ingawa hakuna mtazamaji aliyeulizwa kazi ipi aliithamini zaidi. Wengi wa watengeneza katuni walihamia kwenye kazi ndefu na nyepesi au wakaacha kabisa.

Mwanamuziki Jack Conte wa kundi la Pomplamoose la California alikutana na hesabu ya namna hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2013 alitumia takriban dola 10,000 kutengeneza video ya wimbo mmoja, ambayo kwa ajili yake alijenga mfano wa chumba cha rubani cha chombo cha Millennium Falcon cha filamu za Star Wars, huku akijua kwamba matangazo yangemrudishia sehemu ndogo mno ya gharama hiyo. Mwezi Mei mwaka huo yeye na Sam Yam, aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Stanford, walizindua Patreon, kampuni ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza “patron”, yaani mlezi au mfadhili. Michango ya umma mtandaoni haikuwa mipya, kwani Kickstarter ilikuwapo tangu 2009, lakini Kickstarter hukusanya fedha mara moja kwa mradi mmoja, ilhali Patreon humwezesha mtazamaji kuahidi kiasi kidogo kwa kila kazi au kila mwezi, mchango ukageuka kitu kinachokaribia mshahara. Ndugu wawili, Hank na John Green, walianzisha mpango unaofanana nao uitwao Subbable mwaka huohuo, ukamezwa na Patreon mwaka 2015.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria taarabu atauona undugu wa jambo hili na kutuza, desturi ya mtazamaji kuinuka na kwenda hadi jukwaani kumpa mwimbaji noti mkononi wimbo ukiendelea. Tofauti ni kwamba noti ya taarabu haikatwi kitu njiani.

Mwezi Machi 2017, baada ya magazeti ya Uingereza kufichua kwamba matangazo ya kampuni kubwa yalionekana kwenye video za watu wenye siasa kali, watangazaji wengi waliondoa fedha zao. YouTube iliitikia kwa kuiachia mashine kazi ya kupekua video, na alama ya dola ya rangi ya manjano iliyokuwa ikitokea kando ya video ikawa habari mbaya kwa mwenyewe, kwani ilimaanisha kwamba matangazo yamepunguzwa au yameondolewa. Januari 2018 ulitangazwa uamuzi kwamba atakayeshirikiana na mpango wa matangazo sharti awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12.

Wakati huo mfuko wa mtazamaji ulionekana kuwa kimbilio, lakini nao ulikwisha kuonyesha kwamba una mlinzi wake. Mwezi Desemba 2017 Patreon, iliyokuwa ikichukua asilimia 5 ya michango, ilitangaza kwamba kila ahadi ingeongezewa asilimia 2.9 pamoja na senti 35, zilipwe na mfadhili. Aliyempa msanii mmoja dola 1 angetozwa dola 1.38, na aliyewagawia wasanii kumi dola moja moja angelipa takriban dola 13.80 badala ya 10. Mzigo uliwaangukia hasa watoaji wa vidogo vingi, ambao ndio uti wa mgongo wa utaratibu wenyewe. Wengi walifuta ahadi zao, na katika siku chache Conte aliomba radhi na kuufuta mpango huo. YouTube nayo iliingia katika biashara hiyo mwaka 2018 kwa uanachama wa kulipia ambao hukata asilimia 30, na mwaka 2024 Apple iliitaka Patreon ipitishe malipo ya wafadhili wapya wanaojiunga kwa programu ya iPhone kwenye mfumo wake, wenye makato ya asilimia 30.

Afrika Mashariki ilifika katika habari hii kwa mlango wa pembeni. Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni kulipa ada ya leseni ya shilingi milioni 1, gharama iliyotangulia mapato yoyote, na Patreon hutegemea kadi ya benki au akaunti kama ya PayPal, vitu ambavyo watazamaji wengi wa Kiswahili hawana. Walicho nacho ni fedha za simu, zilizoanza Kenya kwa jina la M-Pesa mwezi Machi 2007, miezi miwili kabla ya mpango wa washirika wa YouTube. Ndiyo maana katika video nyingi za Nairobi na Dar es Salaam namba ya simu huandikwa chini ya kioo, na mtazamaji aliyeguswa hutuma shilingi mia mbili au elfu mbili bila kupitia California, akikatwa ada ya mtandao wa simu tu.